Mkate wa kijitini unaungua nje na kubaki mbichi ndani: nakosea wapi?

Swali: "Mwalimu, familia yetu hupenda kupiga kambi, na kila jioni tunajaribu kuoka mkate kwenye kijiti juu ya moto. Unga naukanda kwa vipimo vya mkate wa kawaida. Tukishawasha moto tu tunaanza, maana watoto hawana subira. Matokeo ni yaleyale: nje mweusi, ndani unga mbichi unaonata kwenye meno. Safari iliyopita mikate mitatu ilidondoka motoni kabla haijashika rangi. Watoto wanaila hivyohivyo na mimi nahofia matumbo yao. Nimeambiwa nivumilie na nizungushe polepole zaidi. Nazungusha mpaka mkono unakufa ganzi. Nakosea wapi?"

Dada yangu, mkono wako umeonewa. Mkate ulioviringishwa mnene juu ya moto unaowaka hauokolewi na kuzungusha, hata ukae hapo mpaka alfajiri. Kwa maelezo yako, kinyunga chako, yaani unga uliokwisha kukandwa, ni kinene kupita kiasi na unaanza kuoka kabla makaa hayajapatikana. Kudondoka ni suala la tatu, nalo lina dawa yake. Lakini acha nianze na unene, kwa sababu ndio unaopuuzwa na karibu kila mtu ninayemwona akioka mkate wa namna hii, na ukishauelewa utaona hata moto unaupanga tofauti.

Mkate ulio ndani ya tanuri hupata joto kutoka kila upande: juu, chini, ubavuni. Mkate wa kijitini hupata joto upande mmoja tu, ule wa nje. Upande wa pili umelalia kijiti. Kijiti kibichi kimejaa maji, kwa hiyo hakivuki nyuzi 100 za Selsiasi mpaka maji hayo yatoke, na mti wenyewe haupitishi joto vizuri. Maana yake, kinyunga cha unene wa sentimita 2 kwenye kijiti kina safari ndefu ya kuiva sawa na mkate wa sentimita 4 uliomo tanurini. Na joto linapopenya kwenye kitu kama kinyunga, muda hauongezeki sawasawa na unene, unaongezeka kwa mraba wake. Unene ukiwa mara 2, muda unakuwa karibu mara 4. Ukiwa mara 3, muda unakaribia mara 9. Ndiyo maana mkate ulioonekana "mnene kidogo tu kuliko wa jirani" unakukesha wakati wa jirani umeshaliwa.

Na uso wa nje haukusubiri. Ukishakauka na kuvuka nyuzi 140 hivi, unapiga rangi ya kahawia kwa kasi. Joto likizidi kupanda, rangi hiyo inageuka masizi machungu. Huko ndani, maadamu maji yapo, joto haliwezi kuvuka 100. Wanga wa ngano huanza kuvimba na kunyonya maji kuanzia nyuzi 60 hivi, na mkate huhesabiwa umeiva katikati unapofika nyuzi 90 na kitu. Sasa weka kinyunga cha sentimita 2 mbele ya ndimi za moto: uso unafika kwenye masizi ndani ya dakika 3 au 4, katikati hata wanga haujaanza kushika. Hakuna namna ya kuzungusha itakayobadilisha hesabu hiyo. Kuzungusha kunagawa joto kuuzunguka mkate, hakulisukumi kwenda ndani.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kijiti kinene huoka vizuri kuliko chembamba. Tuchukue gramu 70 za kinyunga tuzitandaze kwenye urefu wa sentimita 10. Kijiti kikiwa na kipenyo cha sentimita 1, yaani kama penseli iliyonenepa, kinyunga kitakizunguka kwa unene wa sentimita 1. Kijiti kikiwa na kipenyo cha sentimita 2 na nusu, kinyunga kilekile kitatanda kwa milimita 6 na kitu tu, kwa sababu kina eneo kubwa zaidi la kukalia. Ukirudi kwenye mraba wetu, tofauti hiyo ndogo inafanya mkate wa kwanza uhitaji muda zaidi ya mara 2 ya ule wa pili. Watu huchagua kijiti chembamba kwa kudhani kwamba kitapenyeza joto, au kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Tafuta ufito wenye unene wa dole gumba la mtu mzima au kuzidi kidogo. Ukimaliza unabaki na tundu pana la kutia jibini, asali, mboga za kukaanga, chochote mtakacho, na hilo nalo ni faida.

Namna ya kukiweka kinyunga juu ya ufito ina uzito uleule. Usikipachike kama donge na kukifinyanga. Kisukume kwa viganja mpaka kiwe kamba ya unene wa kidole cha mwisho cha mkono wako, milimita 12 hivi, isizidi. Gramu 70 zitakupa kamba ya nusu mita na zaidi kidogo, na kwenye ufito wa sentimita 2 na nusu itazunguka karibu mara 5. Kati ya mzunguko na mzunguko acha nafasi ya nusu sentimita. Usiione nafasi hiyo kuwa urembo. Kupitia hapo joto linafika kwenye mbavu za kamba, kwa hiyo kila mzunguko unapata joto pande tatu badala ya mmoja. Kinyunga kitavimba kadiri kinavyoiva na mizunguko itakaribiana, pengine kugusana, lakini wakati huo mbavu zimeshashika. Ukiibananisha tangu mwanzo, kwenye kila mshono unabaki mstari mweupe wa unga mbichi, na nina hakika ndio huo unaonata kwenye meno ya watoto wako.

Kamba ikikugomea, ukiivuta inarudi kama mpira, usishindane nayo. Gluteni, yaani protini ya ngano inayoufanya unga uvutike, imekaza kwa sababu imetoka kukandwa au kugawanywa. Ifunike kwa kitambaa, iache dakika 10 hadi 15, kisha uisukume tena, itakubali.

Sasa vipimo. Unasema unatumia vya mkate wa kawaida. Mkate wa kawaida una ukuta wa kuushikilia, ambao ni chombo cha kuokea. Huu wako hauna, unajishikilia wenyewe hewani, kwa hiyo kinyunga lazima kiwe kikavu kuliko ulichozoea. Mimi hutumia gramu 500 za unga wa ngano, gramu 280 za maji ya uvuguvugu, gramu 7 za hamira kavu, gramu 9 au 10 za chumvi, vijiko 2 vya mezani vya mafuta na kijiko 1 cha sukari. Hiyo inatoa vipande 12 vya gramu 70. Kanda dakika 10 mpaka kinyunga kiwe laini kisichong'ang'ania kiganja, na ukikibonyeza kiwe laini kama ndewe ya sikio lako. Kikinata, ongeza unga kijiko kimoja kimoja, usimwage. Unga hutofautiana katika kunywa maji, kwa hiyo mkono wako ndio wenye neno la mwisho, kuliko mizani yangu.

Usiongeze sukari zaidi ya hapo. Watu huongeza kwa nia njema ili watoto wafurahie, kisha wanalaumu moto. Sukari na maziwa huharakisha rangi ya nje, nayo asali ni kali zaidi, kwa kuwa sukari ya matunda iliyomo ndani yake huanza kuungua kwenye joto la chini kuliko sukari ya kawaida. Kinyunga chenye asali kitakuwa cheusi wakati kile cha chumvi tupu ndicho kwanza kinashika rangi ya dhahabu. Utamu utie baada ya kuoka, ndani ya lile tundu. Zabibu kavu pia ziache: zile zinazochungulia nje zinakuwa vijiwe vya mkaa.

Kuhusu kuumuka, acha kinyunga kifike karibu mara mbili ya ukubwa wake mara moja tu, kigawe, kisukume, kizungushe kwenye ufito, kisha kipe dakika 5 hadi 10 tu kabla ya kukipeleka motoni. Usikiache kiumuke saa nzima kikiwa tayari kwenye ufito. Kinyunga kilichopitiliza kuumuka kimejaa hewa na kimelegea, na kilicholegea ndicho kinachodondoka. Kama mnasafiri, kanda nyumbani kwa maji baridi na nusu ya hamira, kitie kwenye mfuko uliopakwa mafuta wenye nafasi ya kuvimba, kisha kwenye sanduku la barafu. Baridi inaituliza hamira bila kuiua, na kinyunga kilicholala usiku mmoja kina ladha nzuri zaidi. Kitoe mapema kidogo kipoteze ubaridi, kwa sababu kinyunga cha baridi kinaanza safari yake ya joto kikiwa nyuma.

Msiponuia kusubiri kabisa, beking pauda inafaa. Gramu 250 za unga, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 2 vya mezani vya mafuta, na maji ya kutosha kushikanisha, gramu 130 hadi 140. Vikavu vyote unaweza kuvichanganya nyumbani. Changanya kwa wepesi, usikande sana, na uoke ndani ya saa moja. Mkate wake humeng'enyeka na kamba yake hukatika, kwa hiyo badala ya kamba kata utepe bapa wa upana wa vidole viwili na unene wa milimita 8. Mimi napendelea hamira, lakini kwa watoto wenye njaa sitagombana na mtu kuhusu hilo.

Tuje kwenye moto. Ndimi za moto zinayumba na upepo. Sasa hivi mkate wako umo ndani ya mwali wa mamia ya nyuzi, sekunde ijayo uko kwenye hewa ya kawaida. Tena ndimi hizo zimebeba masizi, ambayo hutua kwenye kinyunga kibichi na kunata. Makaa hayayumbi. Yanatoa mng'aro wa joto tulivu unaokwenda moja kwa moja kwenye kile kilicho mbele yake, na moshi wake ni mdogo. Kwa hiyo washa moto mapema, kwa kuni ngumu zilizokauka vizuri, uziache ziungue dakika 45 hadi saa nzima. Kuni laini zenye utomvu wa kunata huacha makaa machache na moshi mweusi wenye ladha ya lami. Unajua makaa yako tayari yanapokuwa mekundu chini ya utando mwembamba wa majivu ya kijivu. Utando huo usiufute. Ndio unaotuliza joto.

Saa hiyo moja ya kungoja ndiyo mnayoikosa, nami naelewa kwa nini. Wape watoto kazi. Saa moja ndiyo muda wa kinyunga kuumuka, wa kutafuta fito, kuzichonga, kugawanya na kusukuma. Ukianza kukanda unga wakati uleule kuni zinaposhika moto, vyote viwili vinaiva pamoja, na hakuna anayengoja.

Makaa yakishapatikana, yavute upande mmoja kwa fimbo ndefu, tabaka la unene wa kiganja. Upande wa pili acha kuni chache ziendelee kuwaka ili zikuzalie makaa mapya, maana yale ya kwanza yatapoa kabla ya mkate wa kumi na mbili. Huo mgawanyo wa moto ni kitu kidogo lakini unabadilisha jioni nzima. Bila huo, mikate ya mwanzo inaungua na ya mwisho inakauka bila kuiva.

Umbali hupimwa kwa kiganja. Weka mkono wako palepale utakapokaa mkate, kiganja kikitazama makaa, uhesabu sekunde polepole. Ukilazimika kuutoa kwenye 2 au 3, joto ni kali mno. Ukifika 5 au 6, hapo ndipo pahala pake. Ukipita 8 bila shida, songea karibu au ongeza makaa. Mara nyingi itakuwa sentimita 15 hadi 20, ila usiiamini rula kuliko kiganja, kwa kuwa upepo ukivuma makaa hupandwa na hasira na pahala palepale panakuwa pakali. Rudia kuhesabu kila baada ya mikate miwili mitatu.

Ukiweza, okea mbele ya makaa, ubavuni, badala ya juu yake moja kwa moja. Joto la mng'aro linakufikia vilevile, ila moshi unapanda na kukupita, na kinachodondoka kinadondoka ardhini. Chomeka mawe mawili, au ufito wenye panda, uegemeze fito juu yake ili mkono upumzike. Hapo kuzungusha kunakuwa kazi ya kugeuza robo mzunguko kila nusu dakika, siyo adhabu. Na kwa dakika 3 za mwanzo anza mbali kidogo, kiganja kifike sekunde 7 au 8, ili joto lianze kuingia ndani kabla uso haujafunga na kukauka. Mkate ukishashika umbo, usogeze kwenye 5 au 6. Rangi iache ije mwishoni. Mkate unaopata rangi kwenye dakika ya 2 unakwambia uko karibu mno, usiufurahie.

Kamba ya unene niliousema itahitaji dakika 10 hadi 15. Ikichukua 5, jihadhari. Ikizidi 20, makaa yamepoa na unakausha badala ya kuoka.

Sasa ile mikate mitatu iliyodondoka. Kabla ya kuweka kinyunga, pasha ufito uliochongwa juu ya makaa dakika 2 au 3 mpaka uwe moto wa kushikika kwa shida. Ufito wa moto unaanza kuivisha kinyunga kutoka ndani: tabaka linalogusana na mti linashika mara moja, kinyunga hakitelezi wala hakizunguki peke yake ufito unapogeuzwa. Na kumbuka nilivyosema kwamba upande wa ndani haupati joto. Kupasha ufito ndiyo nafasi yako pekee ya kuupatia. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa na kazi, nami nasisitiza kuliko zote.

Kisha funga ncha. Mwanzo wa kamba uweke chini ya mzunguko wa kwanza, uufinye. Mwisho wake uuingize chini ya mzunguko wa mwisho, uufinye pia. Kamba iliyoachwa ncha inaning'inia hufunguka yote. Usipake ufito mafuta ili mkate utoke kwa urahisi. Mkate ulioiva hutoka wenyewe, na mafuta yatautoa kabla ya wakati. Na shika ufito ukiwa umelala au ncha yake imeinuka kidogo. Watoto huwa na tabia ya kuishusha ncha kuelekea makaa kama wavuvi, na kinyunga kikipata joto kinalainika kabla ya kushika, kwa hiyo kinateremka taratibu mpaka kinaanguka. Nadhani walau mmoja kati ya ile mitatu uliondoka hivyo.

Dalili ya kuiva siyo rangi. Shika mkate kwa kitambaa uuzungushe: ulioiva unaachia ufito na kuteleza nje; mbichi unang'ang'ania. Ukiugonga kwa ukucha utasikia mlio mkavu wa kitu chenye uwazi. Kisha chungulia ndani ya tundu. Ukuta wake uwe mkavu, wenye rangi ya maziwa, usio na utando unaong'aa. Ukiuona utando huo, usirudishe mkate kwenye ufito. Uweke juu ya jiwe safi kavu lililo kando ya makaa, tundu likitazama joto, dakika 3 hadi 5, na uugeuze upande wa pili. Sasa mvuke una pa kutokea, na joto linaingia kule ambako ufito ulikuwa unalizuia. Nimeokoa mikate mingi kwa njia hii, na watoto hupenda kuichungulia. Jiwe lisitoke mtoni wala mahali penye maji, kwa sababu unyevu ulionaswa ndani yake hugeuka mvuke na unaweza kulipasua kwa kishindo.

Hofu yako kuhusu matumbo ni ya haki, usiikubali ipuuzwe. Unga wa ngano ni chakula kibichi. Kusaga nafaka hakuui vijidudu, na Salmonella pamoja na aina hatari za E. coli zimewahi kuwaugulisha watu waliokula unga ambao haukuiva. Unga unaonata kwenye meno haujaiva. Kwa hiyo watoto wasile sehemu ile nyeupe, na wasilambe kinyunga wakati wa kusukuma, jambo ambalo najua watalijaribu. Nao weusi wa nje ukwangue kwa kisu. Ladha yake peke yake inatosha kukuambia hauna kazi mdomoni.

Suala la ufito unatoka kwenye mti gani hukuliuliza, lakini siwezi kuliacha, kwa sababu chakula kinakaa juu yake kikiwa na unyevu na joto, na chochote kilichomo kwenye utomvu kinaweza kuhamia kwenye mkate. Kanuni yangu haina kona: mti nisioujua kwa jina siuchukui. Oleanda, ule mmea wa mapambo wenye maua ya waridi au meupe na majani marefu membamba, una sumu ya moyo katika kila sehemu yake, na fito zake zimenyooka vizuri kiasi cha kumtamanisha mtu. Usiuguse. Mti wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa pia uache. Mwanzi mbichi una vyumba vilivyofungwa kati ya pingili. Ukipashwa moto, mvuke unajaa humo na mwanzi unaweza kulipuka usoni pa mtoto. Vipande vya mbao za ujenzi vilivyopakwa rangi au dawa ya kuzuia wadudu visiguse moto wala chakula, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina arseniki, na kuchoma hakuiondoi.

Ukishapata mti salama, chukua ufito mbichi wa mita 1 hadi 1 na nusu, kwani mkavu utashika moto kabla ya mkate kuiva. Bambua gome kwenye sentimita 25 za ncha mpaka uuone mti mweupe, uufute kwa kitambaa kisafi. Kata tawi la pembeni, usikate mche mchanga, na kama kukata hakuruhusiwi mahali mlipo, beba fito kutoka nyumbani. Fito zilizochongwa mara moja hutumika safari nyingi, ukiziloweka majini saa moja kabla ya kuoka. Kuna wanaotumia vyuma. Chuma cha pua hakina tatizo na kinaoka ndani vizuri kuliko mti, ila kinapeleka joto mkononi, kwa hiyo kiwe na mpini wa mti. Chuma kilichopakwa zinki hakifai kuwekwa motoni na chakula.

Kwa watoto, ufito mrefu ni usalama wao, maana unawaweka mita nzima mbali na makaa. Waoke wakiwa wameketi, pande ambazo moshi hauendi, na mmoja asipite nyuma ya mwingine. Ncha ya ufito uliotoka motoni inaunguza hata isipowaka, na mkate wenyewe umejaa mvuke: upoe dakika 2 au 3 kabla ya kung'atwa. Weka ndoo ya maji karibu kabla ya kuwasha, siyo baada. Mtu akiungua, eneo hilo lipoozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu wala mafuta.

Safari ijayo, kabla ya kuwagawia watoto vipande vyao, oka mmoja wewe mwenyewe, wa majaribio. Hesabu dakika zake, uvunje katikati, utazame mshono kati ya mzunguko na mzunguko. Ukikuta mstari mweupe, punguza unene wa kamba kabla hujagusa makaa. Ukikuta umeiva lakini umepauka, sogea sentimita chache karibu. Kisha wape watoto, kila mmoja na ufito wake, na wewe ukae mahali utakapoziona ncha zote.